Kinundu Kwenye Kichwa cha Mtulinga: Namna ya Kutambua na Kutibu Magonjwa ya Kiungo cha Mtulinga na Kidari Yasiyotokana na Jeraha

Mama mmoja wa miaka 56, mchuuzi wa dagaa, alifika kliniki akiwa na kovu lenye urefu wa kidole mahali ambapo mtulinga wa kulia unakutana na kifua. Hospitali aliyotoka ilikuwa imeona kinundu kigumu pale, ikakisia saratani, ikakata kipande na kukipeleka maabara; majibu yakarudi yakieleza gegedu iliyochakaa na mfupa wa kawaida. Kinundu kilikuwa palepale, maumivu yalikuwa palepale, na juu yake sasa kulikuwa na kovu lililofura. Miezi michache baadaye alikuja kijana wa miaka 27 ambaye kosa alilofanyiwa lilikuwa la upande wa pili. Yeye alikuwa amekula diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa wiki 3 kwa maelezo kwamba "amekaza msuli", na alipovua shati usaha ulikuwa karibu kutoboa ngozi.

Mwongozo huu ni kwa matabibu na madaktari wa vituo vya afya na hospitali za wilaya, ambao ndio hukutana kwanza na wagonjwa wa namna hii. Msimamo wangu ni kwamba kabla ya kutafuta jina la ugonjwa, amua kwanza kama kuna maambukizi ndani ya kiungo. Ukishalijibu hilo, umri wa mgonjwa na kasi ya ugonjwa vitakufikisha karibu kabisa na jibu lililobaki.

Hatua ya 1: Jua kilicho chini ya kidole chako

Kiungo hiki ndicho pekee kinachounganisha mifupa ya mkono na mifupa ya kiwiliwili. Sehemu nyingine yote ya bega inaning'inia kwenye misuli. Kichwa cha mtulinga ni kikubwa kuliko kitako chake kwenye kidari (mfupa wa katikati ya kifua), na chini ya nusu yake ndiyo inayogusana na mfupa wa pili, kwa hiyo kinachokizuia kisichomoke ni kano, hasa ile inayokifunga kwenye ubavu wa kwanza na ile nene iliyo nyuma ya kiungo. Katikati kuna kisahani cha gegedu kinachochakaa kadiri umri unavyosogea. Kila mtu anapoinua mkono juu ya kichwa, mtulinga huinuka kwa nyuzi 30 hivi na kujizungusha kwenye mhimili wake, na ndiyo sababu anayetwanga, anayepaka rangi dari au anayejitwika gunia begani hulalamika mapema kuliko anayekaa ofisini.

Nyuma ya kiungo, kwa umbali usiozidi sana unene wa kidole, kuna mishipa mikubwa ya damu ya kichwa na mkono, bomba la hewa, umio na ncha ya pafu. Jambo hili liwe kichwani mwako kila unaposhika sindano.

Hatua ya 2: Uliza kwa mpangilio

Anza na muda. Maumivu yaliyoanza siku chache zilizopita na kuongezeka kila usiku ni ya kuogopwa. Kinundu ambacho mgonjwa hakumbuki kilianza lini, na ambacho kinamsumbua anapofua nguo au anapolala upande huo, kinakupa nafasi ya kufikiri. Uliza homa, kutetemeka, kupungua uzito na jasho la usiku. Uliza pia mahali maumivu yanapokwenda, maana kiungo hiki hupeleka maumivu shingoni na begani, na wapo wagonjwa waliochuliwa bega kwa miezi mingi bila mtu kugusa kifua chao.

Kisha tafuta mlango wa vijidudu. Je, ana kisukari au VVU? Anasafishwa damu kwa ajili ya figo, au aliwekewa mpira kwenye mshipa mkubwa wa shingo alipolazwa? Ana selimundu? Anajidunga dawa za kulevya? Swali hili la mwisho watu hulikwepa, nami ningeshauri uliulize kwa sauti ileile unayoulizia sigara. Katika miji ya pwani, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, heroini ya kujidunga imekuwepo kwa miaka mingi, na vijidudu vinavyoingia na sindano chafu vina tabia ya kukaa kwenye kiungo hiki kuliko ilivyo kwa watu wengine. Kijana wangu yule hakuwa ameulizwa na mtu yeyote. Nilipomuuliza, alikunja mkono wa shati bila kusema neno.

Kwa mfugaji, au kwa mtu anayekunywa maziwa mabichi, uliza kuhusu mifugo iliyotupa mimba. Malizia kwa kuuliza magonjwa ya ngozi, maumivu ya mgongo asubuhi, na viungo vingine vinavyovimba.

Hatua ya 3: Kagua mgonjwa akiwa ameketi, kifua wazi

Mpe mgonjwa mwanamke khanga na msaidizi wa kike, kisha simama nyuma yake na uangalie mitulinga yote miwili kutoka juu, kwa kuwa tofauti ndogo ya kimo huonekana vizuri zaidi kutoka huko kuliko ukiwa mbele. Usitegemee wekundu, kwenye ngozi nyeusi haujitokezi mpaka hali iwe mbaya. Weka mgongo wa kiganja chako upande wa kulia, kisha wa kushoto, na ulinganishe joto. Bonyeza taratibu kutafuta kama ni mfupa mgumu, maji yanayocheza, au ulaini kama wa unga uliokandwa.

Mwombe avuke mkono mbele ya kifua hadi ushike bega la pili, kisha auinue juu ya kichwa. Maumivu yakitokea haswa kwenye kiungo, umethibitisha mahali. Kwa msichana wa miaka 15 hadi 20 mwenye viungo vilivyolegea, huenda ukaona kichwa cha mtulinga kikichomoza mbele kwa mlio mdogo anapoinua mkono na kurudi mahali pake anaposhusha, bila maumivu ya maana, hilo nitalirudia.

Kabla hujafikiria sindano, tuliza kidole juu ya uvimbe kwa sekunde 10. Uvimbe unaodunda sambamba na moyo unaweza kuwa mshipa mkuu uliotanuka na kula mfupa, na ukichomwa sindano mgonjwa anaweza kufa mikononi mwako. Papasa pia tezi za shingo, matiti, na kwa mwanaume mzee usisahau tezi dume, kwa sababu saratani za mbali hutua kwenye mtulinga.

Hatua ya 4: Jibu swali la maambukizi

Kiungo chenye joto, maumivu yanayozuia mkono kuinuliwa, na mgonjwa mwenye homa au mwenye mojawapo ya milango niliyoitaja, kihesabiwe kuwa na usaha mpaka ithibitike vinginevyo. Homa isipokuwepo haikupi ruhusa ya kutulia, hasa kwa mwenye kisukari au mwenye VVU. Vilevile wapo wagonjwa wasio na kihatarishi chochote. Katika mapitio ya wagonjwa 180 yaliyochapishwa mwaka 2004, karibu robo yao walikuwa hivyo, na takriban nusu ya wote walikuwa na bakteria wa stafilokokasi.

Chukua damu kwanza: hesabu ya chembe, ESR, CRP kama ipo (vyote viwili hupanda penye maambukizi au uvimbe), sukari, kipimo cha VVU kwa ridhaa, na damu ya kuotesha kutoka mikono yote miwili. Kisha ndipo sindano ya kuvuta maji ya kiungo, na antibiotiki zifuate baada ya hapo. Dozi moja ya seftriaksoni iliyochomwa "wakati tunasubiri" inatosha kuua uwezekano wa kuotesha kijidudu, na mtatibu kwa kubahatisha wiki 6 zote. Mgonjwa aliyeshuka shinikizo la damu na kuchanganyikiwa ni jambo jingine. Huyo achukuliwe damu ya kuotesha na aanze dawa papo hapo.

Sindano ichomwe chini ya altrasaundi pale inapowezekana, na mtu aliyewahi kuifanya. Nafasi ya kiungo ni ndogo, mara nyingi utapata matone machache tu, kwa hiyo amua mapema yanakwenda wapi. Mimi huanza na kuotesha, nikiyaweka moja kwa moja kwenye chupa ya kuoteshea damu, kisha tone la kupaka kwenye kioo kwa rangi ya Gram inayoonyesha bakteria na kutafuta fuwele za jongo (gauti), na kama kitu kimebaki kinakwenda kwenye kipimo cha GeneXpert cha kutafuta TB. Sindano ikitoka kavu haijakanusha maambukizi.

Hatua ya 5: Omba picha itakayobadilisha uamuzi

Eksirei ya kawaida ya kifua huficha kiungo hiki nyuma ya mbavu na uti wa mgongo. Picha inayopigwa mashine ikiwa imeinamishwa nyuzi 40 kuelekea kichwani husaidia kulinganisha pande mbili, na kwa hospitali isiyo na zaidi ya hapo ni bora kuliko kutopiga. Eksirei ya kifua ina kazi yake hata hivyo: inaonyesha TB ya mapafu au uvimbe wa ncha ya pafu. CT huonyesha mfupa ulioliwa, vinundu vya uchakavu na usaha unaoelekea nyuma ya kidari. Siku hizi hospitali nyingi za rufaa za mikoa zinayo, na mgonjwa unayemshuku maambukizi anastahili safari hiyo. MRI ni bora zaidi kwa uboho na nyama laini, pale inapopatikana.

Mitego ni miwili. Sehemu ya ukuaji ya mwisho huu wa mtulinga hufunga kati ya miaka 23 na 25, kwa hiyo mstari unaouona kwa kijana wa miaka 20 unaweza kuwa wa kawaida kabisa. Na baada ya miaka 50 watu wengi wana uchakavu kwenye picha bila maumivu yoyote, kwa hiyo picha yenye uchakavu haimwondolei mgonjwa mwenye homa mashaka ya usaha.

Hatua ya 6: Tibu maambukizi mpaka mwisho

Mlaze mgonjwa. Kwa mtu mzima, kloksasilini ya mshipa gramu 2 kila baada ya saa 6, pamoja na seftriaksoni, hufunika vijidudu vingi wakati mkisubiri majibu. Anayejidunga apewe dawa inayofikia pia bakteria wa sudomonasi, na penye wasiwasi wa stafilokokasi sugu, vankomisini. Mwenye selimundu afikiriwe salmonela. Majibu yakija, badilisha dawa ifuate kijidudu badala ya kuongeza nyingine juu yake. Matibabu huchukua wiki 4 hadi 6, na zaidi ya hapo kama mfupa umeliwa. Damu ikiotesha stafilokokasi, sikiliza moyo kila siku na uombe eko (altrasaundi ya moyo), maana vali inaweza kuwa chanzo au mwathirika.

CRP na maumivu vishuke ndani ya wiki ya kwanza. Visiposhuka, au CT ikionyesha jipu, mfupa ulioharibika au usaha nyuma ya kidari, antibiotiki peke yake hazitatosha na mgonjwa apelekwe kwa mpasuaji wa mifupa na wa kifua. Kupasua kijipu cha juu kwenye chumba cha vidonda na kuweka shashi, jambo ninaloliona mara nyingi, kunampa mgonjwa nafuu ya siku 3 na mfupa unaoendelea kuoza chini yake.

TB huja polepole, bila joto kali, na usaha wake mwembamba hufika kwenye ngozi na kutoboka kama tundu lisilopona. Mgonjwa anaweza asikohoe hata kidogo. Fuata mwongozo wa taifa wa TB ya mifupa: miezi 2 ya dawa nne, kisha rifampisini na isoniazidi mpaka jumla ya matibabu ifike takriban mwaka mmoja, ambao ni muda mrefu kuliko wa TB ya mapafu.

Bruselosisi, ugonjwa unaotoka kwa mifugo na maziwa mabichi, hutibiwa kwa doksisaiklini kwa angalau wiki 6, na kwa mfupa mara nyingi hadi miezi 3, ikiambatana na jentamaisini mwanzoni au na rifampisini. Hapa nasisitiza. TB na bruselosisi hufanana sana kwenye kiungo hiki, na zote hupatikana kwa wafugaji walewale. Ukimpa mgonjwa wa TB doksisaiklini na rifampisini kwa kudhani ana brusela, atapata nafuu kwa muda huku ukimtengenezea usugu wa dawa muhimu kuliko zote alizonazo. Kama TB haijakanushwa, tumia jentamaisini badala ya rifampisini, ukiangalia figo na masikio.

Hatua ya 7: Magonjwa yasiyo na vijidudu

Uchakavu wa kiungo ndio unaoongoza kwa mbali. Mgonjwa wake ni mtu wa zaidi ya miaka 50, mara nyingi mwanamke aliyekoma hedhi au mtu wa kazi za mkono, na kinundu ni kigumu kama mfupa kwa sababu ni mfupa. Dawa ya kwanza ni maelezo. Mwambie waziwazi kwamba si saratani, kwamba kinundu hakitaondoka, na kwamba maumivu kwa kawaida hupungua ndani ya miezi kadhaa. Punguza kazi za juu ya kichwa, tumia paracetamoli au jeli ya diklofenaki, na vidonge vya jamii hiyo kwa muda mfupi tu kwa asiye na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au shinikizo lisilodhibitiwa. Ikishindikana, steroidi pamoja na lignokeini kwa ujazo usiozidi mililita 1 ndani ya kiungo, kwa kuongozwa na altrasaundi na baada ya maambukizi kukanushwa, huwasaidia wengi. Mchuuzi wetu wa dagaa alihamisha ndoo kutoka bega la kulia kwenda kichwani, akachomwa sindano moja, na kwa sasa analalamikia kovu zaidi ya kiungo.

Mwanamke wa miaka 30 hadi 50 mwenye maumivu ya upande mmoja, ambaye CT yake inaonyesha sehemu ya chini ya kichwa cha mtulinga imekuwa nyeupe na ngumu ilhali nafasi ya kiungo imebaki salama, ana hali isiyo ya hatari ya mfupa kukakamaa. Dawa za maumivu na subira hutosha. Kwa mtoto au kijana, mwisho wa mtulinga unaweza kufa kwa kukosa damu, ugonjwa unaoitwa wa Friedrich, ambao nao hupona wenyewe mara nyingi. Kazi ngumu katika hali hizi mbili ni kutoupasua mfupa kwa hofu ya saratani. Hata hivyo uvimbe unaokua kila mwezi, maumivu ya usiku yasiyotulia, au mfupa unaoyeyuka kwenye picha vinahitaji kipande kichukuliwe, na kichukuliwe na timu ileile itakayofanya upasuaji mkubwa, ili njia ya sindano isiharibu mpango wake.

Yabisi ya rumatoidi ni nadra kuanzia hapa. Angalia vidole na viganja kwanza, na tibu ugonjwa mzima kwa methotreksati chini ya mtaalamu. Jongo hutambuliwa kwa fuwele na historia ya kidole gumba cha mguu. Kolchisini au prednisoloni kwa siku chache humtuliza, na dawa ya kushusha asidi ya yuriki ifuate kwa mwenye mashambulizi ya kurudia.

Ugonjwa mmoja hukosewa kwa miaka. Ukiona viungo vyote viwili vya mtulinga vimefura na mbavu za juu zimenenepa, mwombe mgonjwa akunjue viganja na avue viatu. Vipele vya usaha visivyo na vijidudu kwenye viganja na nyayo, au chunusi kali za mgongoni, vikiambatana na mifupa hiyo, vinaashiria SAPHO, jina lililoundwa kwa herufi za mwanzo za dalili zake. Kuotesha kwa kawaida hurudi tupu, na mgonjwa huwa ameshamaliza kozi kadhaa za antibiotiki. Matibabu huanza na dawa za maumivu. Asiyepata nafuu hupewa methotreksati au dawa za mfupa za mshipa kama zoledronati, na wachache hufikia dawa za kibayolojia, ambazo zisianze kabla ya kupima TB.

Yule msichana wa kiungo kinachochomoza hahitaji kitu zaidi ya maelezo na mazoezi ya misuli ya bega. Wazazi watadai upasuaji, kwa kuwa kinundu kinaonekana kwenye shingo ya gauni. Kataa kwa upole, na uwaeleze kwamba kovu la upasuaji litaonekana vilevile na maumivu ambayo hana leo anaweza kuyapata kesho.

Hatua ya 8: Lini kisu

Kwa uchakavu, mpasuaji afikiriwe tu baada ya miezi 6 hadi 12 ya matibabu ya kweli yaliyoshindwa, na kwa mgonjwa ambaye sindano ya ganzi ndani ya kiungo iliondoa maumivu kwa muda, jambo linalothibitisha kwamba chanzo ni hapo. Kinachokatwa ni sentimita 1 hivi ya kichwa cha mtulinga, huku kano ya kwenye ubavu wa kwanza ikiachwa nzima. Ikikatwa, mtulinga hubaki ukielea na mgonjwa huwa na hali mbaya kuliko alivyokuja. Upasuaji ufanyike mahali ambapo mpasuaji wa kifua au wa mishipa yuko karibu na damu imeandaliwa.

Nyaya na pini za chuma zisitumike kamwe kushikilia kiungo hiki. Husafiri, na zimekutwa ndani ya moyo na mishipa mikubwa, zikiwa zimeua. Baada ya upasuaji mkono ukae kwenye mkanda kwa wiki 4 hadi 6, mgonjwa akichezesha kiwiko na vidole kila siku, na mizigo mizito ingoje mpaka mwezi wa tatu. Ukipokea mgonjwa aliyewekewa waya kwingine, mpige picha siku hiyohiyo na umpeleke ukatolewe, hata kama hana maumivu yoyote.